Aliyezungusha redio yangu jana saa tano kasoro dakika moja usiku, asinisalimie tena

Wakuu, sijalala. Saa kumi na moja alfajiri hii naandika mkono unatetemeka. Jina simtaji kwa sababu nyote mnamjua. Yule wa koti la kaki hata kwenye jua la saa nane mchana. Ukisema jino linakuuma, yeye alishang'olewa yote. Ukisema umeanza msingi, yeye ana ghorofa Morogoro ambalo hajatokea binadamu aliyeliona. Hapa Dodoma, kuanzia Kizota hadi Majengo hakuna kijiwe ambacho hajamfundisha mtu kazi yake mwenyewe. Huyo huyo.

"Ngoja nikutafutie stesheni safi."

Ndivyo alivyoniambia. Stesheni safi! Mimi!

Kwa wasionijua, nasikiliza redio ya masafa mafupi, yale mawimbi yanayovuka mabara. Siyo kusaka taarifa ya habari, hiyo hata simu inayo. Natafuta stesheni za mbali kabisa, namsubiri mtangazaji ataje jina la stesheni, naandika kila kitu kwenye kaunta buku, natuma ripoti ya usikivu kwa stesheni yenyewe, kisha nasubiri kadi yao ya uthibitisho kwamba kweli niliwasikia. Miaka tisa sasa, kadi kumi na moja. Kuna watu wanahifadhi hati za viwanja kwa uangalifu mdogo kuliko ninavyohifadhi kadi zile.

Redio ni National ya marehemu babu, ya betri kubwa nne. Haina namba za kubonyeza, ina mshale mwekundu unaotembea nyuma ya kioo. Bendi ya mita 25, kuanzia kilohezi 11,600 hadi 12,100, kwenye kioo kile ni upana wa ukucha wa dole gumba. Stesheni na jirani yake zinaachana kilohezi 5 tu. Pale huzungushi kwa mkono, unazungusha kwa pumzi. Usiku ambao Zanzibar iko hewani pale 11,735, hiyo ndiyo nguzo yangu: naishika, halafu napanda kidogo kidogo, hatua tisa za kilohezi tano tano, mpaka 11,780.

Na 11,780 ndipo ilipo Rádio Nacional da Amazônia.

Brazili, wakuu. Inarushwa kutoka Brasília, ilianza 1977 kwa ajili ya watu walioko ndani ndani huko Amazoni, haikuanzishwa kwa ajili ya mtu wa Nkuhungu. Toka kule hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 9,000. Mawimbi yanapanda, yanagonga tabaka la juu la anga, yanarudi chini, yanadunda kwenye bahari, yanapanda tena, yanapita juu ya Angola na Kongo, ndipo yaje yatue kwenye waya wangu uliofungwa kwenye mwarobaini. Waya wenyewe wa koili ya mota iliyoungua, mita ishirini, nimeunyoosha kwa vidole siku nzima mpaka ngozi ikatoka.

Na si kila stesheni ya mbali ni ya mbali. Kuna redio za Ulaya na Asia unazisikia kama ziko Makole, kumbe zinarushwa na mtambo wa Talata-Volonondry, Madagaska, hapo ng'ambo ya maji tu. Brasília inakuja yenyewe, haina wa kuisukuma njiani. Nimeisaka tangu mwaka juzi. Kila usiku nakutana na ukuta wa kelele: taa za LED, chaja za simu, vidhibiti vya sola, subufa ya jirani. Kila kimoja kinatoa mngurumo wake, na waya wangu unaumeza wote.

Sasa jana umeme ukakatika saa tatu na nusu. Mtaa mzima giza. Nikatoka mbio na redio, nikaiweka juu ya ndoo chini ya mwarobaini, nikabana waya kwenye antena. Wakuu, ule ukimya! Bendi imelala kama bwawa la Hombolo asubuhi. Saa nne na ishirini nikamsikia mtu anaongea Kireno. Anafifia, anarudi. Ukapigwa wimbo wa akodiani. Nikaanza kuandika: saa, wimbo, sauti ya mwanamke, alama za usikivu. Nimejaza ukurasa na nusu kwa tochi ya simu niliyoibana kwa meno.

Lakini Kireno peke yake si ushahidi. Kinaweza kuwa Angola, kinaweza kuwa Msumbiji, kinaweza kuwa mhubiri aliyekodi muda. Lazima jina litajwe, na jina hutajwa saa inapogonga. Tena Brasília tunapishana nao saa sita kamili, kwa hiyo saa yao na saa yetu ya Kiswahili zinasoma namba moja: sisi saa tano usiku, wao saa kumi na moja jioni, yaani kwenye ukuta wa studio yao mshale uko kwenye tano, namba ileile ninayoitaja mimi. Nilikuwa naitazama saa yangu ya mkononi huku nawaza kuna mtu kule anatazama tano ileile, anajiandaa kutaja jina.

Saa tano kasoro dakika moja. Akatokea. Joto limemtoa ndani. Hakupiga hodi, hakusema hamjambo. Akasimama juu yangu na koti lake, akasikiliza sekunde tatu, akasema, "Hiyo ni Msumbiji tu, mimi nilishakaa Beira." Kisha akanyoosha mkono. Nikadhani anataka kukaa. Akashika redio YANGU, akasukuma swichi kwenda FM, akazungusha gurudumu mpaka mwisho.

"Ngoja nikutafutie stesheni safi."

Tangazo la magodoro! Limelia uani saa tano usiku mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakajibu.

Mshale wa redio ile ni mmoja kwa bendi zote. Ukishauhamisha, umeuhamisha. Nilimsukuma, nikarudisha swichi, natafuta Zanzibar siioni, vidole havishiki, na yeye kasimama anaeleza magodoro ya zamani yalivyokuwa bora. Saa tano na dakika mbili nikaikamata tena akodiani, kwa mbali. Jina lilishapita. Saa tano na dakika nne umeme ukarudi, mtaa mzima ukapiga kelele za furaha, na redio ikajaa mngurumo kutoka pembe hadi pembe. Basi.

Mwaka juzi mpaka jana. Dakika moja. Mkono mmoja.

Na nikimaliza kulisema hili narudi palepale: alinyoosha mkono. Mtu mzima, mwenye wajukuu, ananyoosha mkono kwenye redio ya mtu aliyekaa gizani na kalamu na daftari. Hata kama ungekuta nasikiliza nyuki, unauliza kwanza! Ningekuwa nakula ugali angeniambia ngoja nikutafutie mboga safi? Asinisalimie. Akiniona sokoni Sabasaba apite upande wa viazi.

Nawasilisha.

---

Zabibu Chungu: Nimesoma yote. Umekesha chini ya mti na tochi mdomoni unamsikiliza mwanamke wa Kireno. Mkeo anajua?

Kaka wa Ipagala: Namjua huyo wa koti la kaki 😂 Alinikuta nabadilisha tairi, akanishauri mpaka nikafunga nati kinyume.

Mtani wa Mpwapwa: Mbukwenyi wakuu. Mleta uzi, nakuelewa. Mimi waya wangu wa mita thelathini uliliwa na mbuzi. Siyo kukatwa, KULIWA. Mwenye mbuzi akaja kunidai mimi, eti mbuzi kavimba tumbo. Naomba uzi wangu nao uhesabiwe.

Mleta uzi: Mtani, pole sana. Lakini mbuzi hakukwambia anakutafutia stesheni safi.

Dijitali Dodoma: Mkuu unateseka bure. Nunua redio ya Tecsun, unabonyeza 11780 unarudi palepale kwa sekunde moja. Au ingia intaneti kuna redio ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, unazungusha masafa mafupi ukiwa kitandani, hakuna wa kukushika mkono.

Mleta uzi: Hiyo ya Twente inasikia antena ya Uholanzi, siyo mwarobaini wangu. Ripoti nitaandika nini, kwamba Waholanzi wameisikia Brazili? Hiyo Tecsun niliulizia bei, nikaenda zangu kununua mahindi.

Bibi Uwele: Kijana samahani. Umesema umeme ulikatika ukatoka MBIO kwa furaha?

Mleta uzi: Mama, nimesema kelele zinapungua. Ni kweli zinapungua.

Bibi Uwele: Mimi nina kilo sita za samaki kwenye friji, nimewabeba kwenye basi kutoka Mwanza. Kwa hiyo samaki wangu wakioza wewe unaandika kwenye kaunta buku.

Zabibu Chungu: 😂😂😂 Tumempata anayeomba umeme ukatike.

Fundi Chang'ombe: Natetea upande mmoja. Ni kweli taa rahisi za LED zinaua redio, kile kisakiti cha ndani hawaweki kichujio. Mteja wangu alileta redio mara tatu anasema mbovu, kumbe ni taa ya sebuleni. Nilizima taa, redio ikapona. Akakataa kunilipa, eti sijafanya kazi. Huyo naye mnamjua, ana duka karibu na stendi ya zamani.

Kaka wa Ipagala: Mwenye taa ya bluu mlangoni?

Fundi Chang'ombe: Simtaji.

Kaka wa Ipagala: Ndiye. Mimi aliniuzia chaja ikanipasukia mfukoni.

Koplo Mstaafu: Mleta uzi, kukaa gizani na waya mtini unaandika saa na maneno ya kigeni, ushukuru amekuja mwenye koti la kaki. Enzi zetu wangekuja wengine.

Mleta uzi: Mzee wangu shikamoo. Kusikiliza stesheni ya umma siyo ujasusi, wenyewe wanataka wasikilizwe, ndiyo maana wanatuma kadi. Tusitoke kwenye mada. Mtu alinyoosha mkono akahamisha mshale kabla ya saa tano.

Sauti ya Msalato: Mimi kero yangu subufa. Jirani kahamia mwezi uliopita, vikombe vyangu vinatembea kabatini vyenyewe. Nikimwambia anasema nimtafutie wimbo ninaoupenda.

Mtani wa Mpwapwa: Mleta uzi, nina swali la kweli. Mita 25 saa tano usiku unapata nini kingine? Mimi usiku nashuka bendi za mita 49 na 41, kule juu naona kumekufa.

Mleta uzi: Inategemea jua, mkuu. Jua likichemka, bendi za juu zinachelewa kulala, na sasa hivi linachemka, lina mzunguko wake wa miaka kama kumi na mmoja. Likipoa, ile 11,780 usiku huo inaweza isinifikie kabisa. Sasa unaelewa kwa nini nimekesha. Siyo stesheni ya kusema nitaisikia kesho.

Mtani wa Mpwapwa: Aisee. Na kakuhamishia mshale.

Mleta uzi: KANIHAMISHIA MSHALE.

Bibi Uwele: Nimefungua friji sasa hivi. Wa juu wamelegea.

Zabibu Chungu: Mama wapake chumvi haraka, waanike. Hilo jua analolisema mleta uzi linachemka.

Mke wa Fundi: Bibi usiwaanike hivihivi, vumbi la Dodoma hili na upepo huu utakula mchanga. Wakaange leo leo wote, halafu ndiyo uwahifadhi.

Kaka wa Ipagala: Kilo sita kukaanga ni mafuta lita ngapi? Mafuta yenyewe bei gani siku hizi?

Sauti ya Msalato: Fuata ya alizeti Singida, usinunue ya barabarani. Juzi nimeuziwa chupa, nusu mafuta nusu maji ya mlenda.

Mleta uzi: Wakuu naomba turudi. Alinyoosha mkono.

Fundi Chang'ombe: Bibi, friji ikishituka umeme unaporudi inaungua. Una ile ya kuilinda ukutani?

Bibi Uwele: Sina. Inauzwaje?

Mke wa Fundi: Njoo PM mama, tunazo mbili.