Mwembe wa nyumbani umezeeka na unadondosha matawi, tukate au unatunzika? Naombeni ushauri

Kijana wa Uani
Habari za jioni wakuu, naombeni ushauri maana nyumbani tumegawanyika. Kwetu Temeke uani kuna mwembe dodo aliupanda babu kabla mama hajazaliwa, na mama mwaka huu katimiza miaka 68, kwa hiyo hesabu pigeni wenyewe. Shina lake watu wazima wawili tukishikana mikono halizungukiki. Chini yake dada zangu wawili wameolewa, msiba wa baba turubai lilifungwa kwenye matawi yake, ikifika Novemba watoto wa mtaa mzima wanaokota dodo pale, na mafundi cherehani wawili wanashona kivulini miaka yote.

Sasa Mei 2024 kwenye ule upepo wa Kimbunga Hidaya tawi la upande wa jirani lilishuka likalala juu ya bati zake, tukalipa bati nne na kenchi moja, tukasema ni upepo tu yameisha. Lakini mwezi uliopita hakuna upepo wala mvua, saa nane mchana kimya kabisa, likashuka lingine nene kama paja, yule fundi mmoja alikuwa amevuka barabara kununua chai ndo ikawa salama yake. Kiti chake kilisambaratika.

Jirani anataka tukate wote, ameshafika hadi kwa mjumbe. Kaka kaja na mtu wa mkaa anasema ataangusha bure achukue magogo. Mama hataki hata kusikia, tangu hiyo siku anakula kidogo sana. Halafu kuna fundi katushauri tuunyoe kichwa chote yabaki magogo, shimo lililopo kwenye shina tulijaze zege na tupake oili chafu kuzuia mchwa. Mi binafsi naupenda huo mti lakini sitaki mtu afe. Nifate lipi?

Mzee Kifupi
Pole sana mkuu. Kata. Mti utaota mwingine, mtu haoti. Siku likimshukia mtoto wa mwenzio hutakuwa na cha kujibu.

Mama Nasra
Mimi niliwahi kuwa upande wa huyo jirani, mti wa mkungu wa nyumba ya pili ulikuwa unalalia paa letu, nikawa kila mawingu yakikusanyika nawahamisha watoto wanalala sebuleni. Usimuone mbaya jamani, mtu halali. Kabla ya chochote mwanangu nenda kakae naye umwambie tunashughulikia na tawi la upande wako litaanza, ukimshirikisha atapoa. Sisi walipokuja kutuita tukaangalie wote yale matawi ugomvi uliisha siku hiyohiyo.

Bwana Miti
Mkuu nimefanya kazi ya kupogoa miti ya majumbani muda mrefu, nikuombe kitu kimoja, usimruhusu mtu yeyote aunyoe kichwa. Mti mzee ukiunyoa unautoa majani yote kwa mpigo, chakula unakipata wapi? Unachipua machipukizi mengi kwa hasira, yanapanda haraka yanapendeza, ila yameshikia kwenye ganda la juu tu hayana mizizi ndani ya mti, na pale palipokatwa panaoza. Ukija upepo miaka michache mbele ndo hayo yanashuka. Watu wanasema mwembe mbaya kumbe waliuharibu wenyewe.

Zege pia hapana. Zamani hata huko Ulaya walijaza mashimo ya miti kwa zege wakaja kuacha, kwa sababu mti unayumba na zege haliyumbi, vinasagana, na unyevu unanasa mule ndani. Mti wenyewe unajijengea ukuta kati ya sehemu iliyooza na iliyo hai, ukichokoa kule ndani ili usafishe unauvunja huo ukuta. Oili chafu inaunguza ganda na ikishuka chini inafika kwenye mizizi. Mchwa wengi unaowaona hapo wanakula mbao iliyokwishakufa, wao ni dalili.

Kwanza kagua. Zunguka chini kabisa pale shina linapoingia ardhini, kuna uyoga mgumu kama visahani umejishikiza? Huo ukiuona kwenye kitako cha mti kuna kuoza kwa mizizi na hapo nitakuwa upande wa Mzee Kifupi. Ardhi imenyanyuka au imepasuka upande mmoja? Mti umeanza kuinama ambako zamani haukuinama? Kisha chukua mchi wa kinu ugonge shina taratibu kuanzia chini kwenda juu, pazima panalia du, palipo na uwazi panalia kama ngoma. Angalia na panda zote, yaani pale matawi yanapogawanyika, zile zilizobanana sana huwa na ganda limenasa katikati, hazishikani. Ukiona na kirukia juu, yale majani tofauti yanayonyonya tawi, hilo tawi andika. Rudi utuambie.

Msafiri wa Ziwani
Naongezea hapo. Mimi ni wa Kigoma, pale Ujiji walipokutana Livingstone na Stanley 1871 ilikuwa chini ya mwembe, mwembe wenyewe ulishakufa ila miembe miwili iliyopo leo inasemekana ilibebeshwa kutoka kwenye ule wa mwanzo, yaani vikonyo vyake viliunganishwa kwenye miche mingine. Kwa hiyo mwambie mama hata siku mti wa babu ukiondoka unaweza kubaki. Tafuta mtu anayejua kubebesha, achague vikonyo vya ncha vinene kama penseli, majani yakatwe wiki moja kabla yabaki vishikizo tu ili kichipukizi kivimbe, vikonyo vikikatwa vifungwe kwenye kitambaa kibichi visikauke, vibebeshwe kwenye miche ya maembe ya kawaida na kufungwa nailoni vizuri. Miaka mitatu minne unaanza kula dodo lilelile la babu.

Wa Westlands
Huku Nairobi mwaka 2020 kulikuwa na mti mkubwa wa mugumo kwenye Waiyaki Way uliokuwa ung'olewe kupisha barabara ya Expressway, watu wakapiga kelele mpaka Rais akatoa amri uachwe. Kwa hivyo usione aibu kutetea mti bro. Swali langu, huo mwembe chini kuna nini? Hapa estate yetu mwenye nyumba alimwaga zege na kupanga kabro, yale matofali ya sakafu ya nje, mpaka kwenye shina la jakaranda, ikaanza kukauka kutoka juu, kila mtu akasema ni uzee.

Kijana wa Uani
Nawashukuru sana, nimekagua na leo mama mwenyewe alishika mchi akagonga. Shina kwa futi ya fundi ni mzunguko wa mita 3.6. Uyoga hakuna, ardhi haijapasuka. Kitako chote kinalia du, ila kuanzia kifuani kwangu pale penye shimo panalia ngoma, nimeingiza kipande cha nondo kimezama sentimita 35 kikagonga pagumu. Ndani kuna unga wa kahawia mkavu na njia za mchwa. Kirukia kipo matawi mawili. Na swali la ndugu wa Westlands limenigusa kweli, kwa sababu 2021 tulimwaga zege uani mpaka kwenye shina tupate pa kufulia, na takataka tunachomea palepale upande wa nyuma, ganda la upande huo limekauka linabanduka kama gamba.

Bwana Miti
Afadhali. Mzunguko wa mita 3.6 ni upana kama sentimita 115, kwa hiyo nyuma ya shimo bado kuna nyama nyingi. Sisi tunaangalia ukuta mzima uwe angalau theluthi ya nusu upana, kwako ni sentimita 19 hivi. Ila kipimo hicho ni cha shimo lililofungwa, lako lina mdomo wazi, kwa hiyo upunguziwe mzigo wa matawi yaliyo juu ya hilo shimo.

Makavu na yenye kirukia yashushwe sasa hivi. Mabichi subiri mkishavuna, Februari kabla masika hayajaanza, na msizidishe robo ya majani kwa mwaka, mti mzee ningeenda chini ya hapo. Tawi zito linakatwa mara tatu, kwanza chini yake kidogo mbali na shina, halafu juu mbele ya hapo, ndo lishuke bila kuchana ganda, mwisho kisiki kinaondolewa nje ya ule uvimbe wa shingoni, pale tawi linapotokea kwenye shina. Uvimbe wenyewe usiguswe, ndo unaofunga kidonda. Usipake rangi wala chochote. Wakataji wavae mikono mirefu, utomvu wa mwembe unaunguza ngozi. Tawi lishushwe kwa kamba, sio kwa kusema jamani kaa mbali.

Hilo zege vunjeni kuzunguka shina mpaka mnapoweza, mizizi mingi iko juujuu na inahitaji hewa. Mrudishie majani yake makavu yatandazwe, yasigusane na shina. Kiangazi mmwagilie taratibu maji yazame, mbali na shina. Moto chini yake uwe mwisho leo. Na huyo mtu wa mkaa usimpe kazi ya kupogoa, mahesabu yake ni magogo. Ofisi ya serikali ya mtaa piteni muulize kibali kabla ya msumeno kuwaka.

Kijana wa Uani
Jirani nimeenda kwake na mama jana usiku, amekubali na ametoa ngazi yake. Kaka anavunja zege tangu asubuhi. Mama ameshapanda kokwa ishirini kwenye makopo ya rangi kwa ajili ya kubebesha. Bado moja Bwana Miti, kuna panda juu ya pale wanaposhonea mafundi, nimepanda nikaona ufa, kidole kinaingia mpaka kiungo cha pili. Tupunguze au lishuke lote?

Bwana Miti
Lote, na usisubiri Februari. Hao mafundi wahamishe cherehani upande wa pili leo hii, na wewe usipande tena bila kamba.