Grupu ya matundu 3 ilinipa raha, wiki mbili baadaye ikapotea. Nijaribuje risasi ninazojaza mwenyewe?

mtu_wa_malindi

Asalam aleikum jamaa. Mimi ni wa Malindi ila mwaka wa nne huu niko Uingereza kikazi, na kule nimeingia klabu ya kulenga shabaha, ule mchezo wa kulala kifudifudi na bunduki ndefu, mkanda mkononi, shabaha ziko yadi 300 mpaka 1000. Renji yetu kubwa ni Bisley, Surrey, yapigwa tangu 1890. Sasa niko nyumbani likizo, daftari langu liko hapa mbele yangu na kila nikilifungua roho yanisumbua, ndio maana nimekuja kuuliza.

Bunduki yangu ni ya kipimo cha .308, vichwa (ile sehemu ya risasi inayoruka) ni vya greini 155, greini ni kipimo cha uzito. Kule ukiwa na cheti waruhusiwa kujaza risasi zako mwenyewe: lile ganda ulilokwisha kupiga walisafisha, walirudisha umbo lake, watia fataki mpya (ile inayowasha baruti), wapima baruti kwenye mizani, mwisho wakalisha kichwa. Kazi ya utulivu sana, mimi naipenda kuliko hata kupiga kwenyewe.

Mwezi wa tano nikajaza ngazi 10 za baruti, kila ngazi yazidi ya chini yake kwa greini 0.3, nikianzia chini kama kitabu cha wenye baruti kinavyotaka na sikufika ule mpaka wao wa juu. Kila ngazi risasi 3, yadi 100, bunduki juu ya mfuko wa mchanga na darubini nimefunga ili macho yangu yasiingie kwenye hesabu. Ngazi ya 6 ikanipa grupu, yaani kundi la matundu ukilipima tundu la mbali mpaka la mbali, ya inchi 0.4, matundu karibu yashikane! Ngazi ya 9 ikawa mbovu kabisa, inchi 1.5, hizo nyengine katikati hapo. Basi nikajua nimepata, nikakaa usiku nikajaza 50 za ngazi ya 6.

Wiki mbili baadaye renji ile ile, ganda zile zile, baruti loti ile ile (toleo moja la kiwandani), napiga tatu tatu napata 1.1, halafu 0.8, halafu 1.3. Nimekaza skrubu zote, nimesugua mtutu, nimepima ganda moja moja. Wapi nimekosea? Na nyinyi mwajaribu vipi mpaka mkaamini?

Babu_Matondoni

Waaleikum salam mwanangu. Mimi risasi sijajaza maishani, nilipokuwa jeshini twapewa kwenye kasha, lakini kulenga nimefundisha vijana miaka mingi kwa hivyo nitasema lile ninalolijua.

Kwanza uliza siku. Siku ya kwanza jua lilikuwaje, upepo je? Mtutu ukipata moto hewa yacheza mbele ya darubini, yale mazigazi, shabaha waiona pale na haipo pale. Na usiwache risasi juani wala usiiwache ndani ya mtutu wa moto huku unangoja upepo utulie, baruti ikipata joto yasukuma kwa nguvu nyengine, hilo ni la usalama pia si la shabaha tu. Na kama ulipiga ngazi ya kwanza mpaka ya kumi kwa mfuatano, basi ngazi ya 9 imepigwa na mtutu wa moto na bega limechoka, ya kwanza imepigwa na mtutu baridi. Hujazilinganisha sawa. Piga moja ya kila ngazi, zunguka, rudi tena moja ya kila ngazi, ili joto na upepo na uchovu vigawanyike kwa wote.

La pili, hapa kwetu Matondoni watu waunda majahazi na mashua, na kila mtu mashua yake ndio bora. Lakini ikishinda mara moja kwenye mashindano pale Lamu hakuna fundi atakayekwenda kuiga tanga lake kesho yake, watasema siku ile alipata upepo. Wataingoja ishinde tena, na tena, kusi na kaskazi. Wewe umeona mashua ikishinda mara moja ukenda kununua mbao.

mwalimu_hesabu_MLD

Shikamoo babu, umemaliza nusu ya somo kabla sijafika. Mimi nafundisha hesabu hapa Malindi, bunduki sijui lakini matundu kwenye karatasi ni nambari, na nambari nazijua.

Ndugu, mimi naona hukukosea popote kwenye kujaza, ulikosea kwenye kuchagua. Jana usiku baada ya kusoma swali lako nimekaa na laptopu nikaiambia ipige grupu za risasi tatu tatu, maelfu, zote za bunduki ile ile na kipimo kile kile cha baruti, hakuna kinachobadilika ila bahati ya kila risasi. Nikapanga wastani wa grupu uwe inchi 1. Basi ukichukua grupu 10 zozote hapo ndani, ile ndogo yao kwa kawaida yatoka karibu nusu inchi na ile kubwa yafika inchi 1 na nusu na zaidi. Tazama daftari lako sasa, 0.4 na 1.5! Yaani zile ngazi zako 10 zingeweza kabisa kuwa kitu kimoja, na bado ungeona "nzuri" na "mbovu" vilevile. Ile ya 6 ikaangukiwa na bahati siku ile, ulipoipiga tena ikarudi kwenye wastani wake, haikuharibika.

Jambo jengine ambalo watu hawalitazami: usilinganishe grupu ya 3 na ya 5 au ya 10. Risasi zile zile, grupu ya 5 kwa wastani ni pana kuliko ya 3 kwa kama asilimia 27, na ya 10 ni pana kwa kama asilimia 58. Kwa hivyo yule anayekuonyesha grupu ndogo ya risasi 3 na yule mwenye grupu kubwa ya risasi 10 huenda wana bunduki sawa sawa, au wa pili ndiye mwenye bunduki bora.

Na kupima tundu la mbali mpaka tundu la mbali ni kutupa habari. Umepiga 10, umepima 2, zile 8 hazikusema kitu. Tafuta katikati ya matundu yote, pima kila tundu liko mbali kiasi gani na ile katikati, chukua wastani. Hapo kila risasi uliyolipia pesa imeongea.

dada_wa_Amu

Kaka pole, haya yamenikuta na mimi. Nasoma Birmingham na napiga .22 kwenye klabu ya chuo, sisi hatujazi kwa sababu risasi ya .22 fataki yake imo ndani ya ukingo wa ganda, haijaziki tena. Badala yake twachagua loti. Mji huu huu kuna kiwanda cha ELEY, wapelekea bunduki yako wakufungia kwenye kibano mita 50 wakupigie loti mbalimbali, na hawakupi jibu kwa risasi 3, wapiga kumi kumi mpaka 40 halafu wazipandanisha zote katikati moja ndipo wakwambia hii ndiyo loti yako. Ile duara ya 10 ya mita 50 ina upana wa milimita 10.4 tu na kichwa chenyewe ni milimita 5.6, kwa hivyo hapo hakuna kukisia.

Na usijipime mwenyewe ukijua unapiga nini. Mimi nikishika kasha ninalolipenda napumua vizuri zaidi, najijua. Mpe mtu akufichie, kasha A na kasha B, asikwambie mpaka umalize.

kijana_ngomeni

Maswali mengine wadau, hapa nyumbani mtu aruhusiwa kujaza risasi? Nimeona video nyingi nataka kujaribu

Babu_Matondoni

Hapana mwanangu, usijaribu. Kenya hapa kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kutengeneza risasi si jambo la kufanya chumbani kwako, ni la waliosajiliwa kwa kazi hiyo. Hata risasi moja tu ukikutwa nayo bila karatasi waweza kufungwa. Huyu mwenzako ana cheti cha kule na yuafanya kule.

mtu_wa_malindi

Shukran sana wote. Babu ni kweli, nilipiga kwa mfuatano, 1 mpaka 10, na jua lilikuwa lapanda. Mwalimu yale maneno ya ngazi 10 kuwa kitu kimoja yameniuma lakini nimeyahesabu tena mwenyewe na yaingia. Sasa hofu yangu ni gharama, fataki na vichwa vimepanda bei, nikipiga 40 kila ngazi mtutu wenyewe utakwisha kabla sijapata jibu.

mwalimu_hesabu_MLD

Usipige ngazi 10 basi, chukua 2 zilizo mbalimbali kidogo, 20 kwa 20. Kama tofauti yao ni ndogo mpaka hata 20 haziioni, tofauti hiyo haitakushindisha wala kukushindisha njaa. Na nina swali, kuna namna ya kupima mwendo wa risasi? Kwa sababu kwa yadi 1000 nahisi karatasi ya yadi 100 haitoshi.

mtu_wa_malindi

Ipo, klabu ina kronografu. Na umegusa penyewe. Risasi yangu yatoka karibu mita 900 kwa sekunde. Moja ikitoka polepole kwa mita 9 tu, kwa yadi 100 hata hulioni tundu limeshuka, lakini kwa yadi 1000 yaanguka chini kama inchi 9 zaidi ya mwenzake. Nilikuwa nachagua kwa karatasi ambayo jambo hilo haiwezi kulionyesha. Narudi kule mwisho wa mwezi, nitaleta majibu inshallah.

mtu_wa_malindi

Nimerudi na majibu. Rafiki yangu wa klabu alinifichia, kasha A na kasha B, 20 kwa 20, ngazi ya 4 na ngazi ya 6. Nimepiga moja A moja B mpaka mwisho, kila baada ya 10 nikaupumzisha mtutu mpaka ukapoa mkononi, risasi zimekaa kivulini. Wastani wa umbali kutoka katikati: A inchi 0.48, B inchi 0.50. Grupu nzima A 1.7, B 1.8. Kwenye karatasi ni ndugu pacha.

Kronografu ndiyo iliyozitenga. Mwendo wa A wapishana kidogo, mchepuko sanifu mita 3.2 kwa sekunde, B mita 5.8. Nikamwambia rafiki yangu afungue siri, A ni ngazi ya 4. Ile ya 6 niliyoikesha usiku kujaza 50 ndiyo B.

mwalimu_hesabu_MLD

Mashallah, hii ndiyo kazi. Kwenye karatasi usitafute mshindi, hakuna. Lakini ile tofauti ya mwendo kwa risasi 20 kila upande si ya bahati rahisi, hiyo ningeishika. Rudia mara moja siku nyengine, 20 nyengine, ikitoka vile vile funga daftari.

Babu_Matondoni

Na zile za ngazi ya 6 zilizobaki usizitupe mwanangu, zipige yadi 300 kwa mazoezi, hapo hazitakudhuru. Kisha ondoa darubini na mfuko wa mchanga, funga mkanda, utwambie inchi 1.7 yako imekuwa ngapi.

mtu_wa_malindi

Jumamosi hii babu, nitakuandikia.