Mrejesho: herini ya marehemu bibi

Niliwauliza kama niyeyushe herini moja iliyobaki na mkufu wa marehemu bibi, nipate pete ya kumkumbukia. Asanteni kwa ushauri.

Jumamosi nilipanda daladala toka Ujiji hadi kwa sonara mjini Kigoma. Akasugua vitu vyangu kwenye jiwe, akadondoshea tindikali. Herini ni dhahabu kweli, karati 18, yaani robo tatu dhahabu, iliyobaki madini mengine ya kuipa ugumu. Mkufu? Shaba ya kuchovya! Na bibi alivyokuwa akitamba nao kila Idi! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Pete tuliiacha. Gramu mbili zingetoa pete nyembamba, na mikono yangu hii ya kuanika dagaa Kibirizi ingeimaliza upesi. Basi herini imekuwa kidani: kakata ndoano, kalehemu kipete juu, na kapima uzito mbele yangu kabla na baada (uliyenikumbusha hilo, ubarikiwe). Alitaka kukinyoosha kile kibonyeo alichong'ata mama akiwa mtoto. Nikamwambia thubutu!

Mkufu wa shaba kauchukua binti yangu. Naye anatamba nao vilevile.