Apu ya kutunza nywila (toleo la beta) inasema "Imehifadhiwa" kumbe haijahifadhi kitu

mwenye_stesheneri
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada nimekwama toka jana.

Natumia apu ya kutunza nywila, jina silitaji maana wenyewe waliandika wazi kwamba ni beta na mimi ndio nilijiunga na majaribio. Lakini imenichosha. Simu yangu ina skrini ndogo, kibodi ikifunguka inafunika kitufe cha Hifadhi, mpaka uizungushe simu ilale ndio ukione. Ukiweka mwonekano wa giza baadhi ya maandishi yanapotea kabisa, nyeusi juu ya nyeusi. Hayo nilivumilia.

Jana asubuhi nikabadilisha nywila ya barua pepe ya kazini. Apu ikatengeneza mpya ya herufi 20, nikakopi, nikapesti kwenye tovuti, ikakubali. Nikarudi kwenye apu nikabonyeza Hifadhi, ikaja tiki ya kijani na neno Imehifadhiwa, roho kwatu. Jioni nataka kuingia naambiwa nywila si sahihi, nafungua apu nakuta iliyopo ni ile ya zamani! Na tiki nimeiona kwa macho yangu haya. Namba ya kurejeshea akaunti ni ya laini niliyoipoteza mwaka jana, na kazi za wateja zote zinaingia humo. Nifanyeje? Nafikiria kuifuta apu niiweke upya labda itakaa sawa.

fundi_wa_mtaa
Pole sana mkuu. USIIFUTE. Wala usiguse kufuta data zake, ukifanya hivyo na kilichobaki kinaondoka.

Apu nyingi za aina hii zina historia mbili tofauti. Moja iko ndani ya akaunti yenyewe inaonyesha nywila za nyuma, nyingine iko sehemu ya kutengenezea nywila, inaorodhesha zote zilizowahi kutengenezwa hata kama hukuzihifadhi. Bitwarden, apu nyingine ya nywila, wanayo hiyo ya pili, na yako angalia vizuri kwenye vidoti vitatu pembeni. Ukikosa fungua nywila za Chrome, pengine wakati unapesti ilikuuliza ihifadhi ukabonyeza ndiyo bila kuangalia.

Na usijaribu jaribu ovyo, ukikosea mara nyingi watakufungia.

mwenye_stesheneri
Mkuu ubarikiwe, historia ipo! Ila zimo nne za jana maana nilibonyeza kubadilisha mara kadhaa. Halafu fonti yao l ndogo na I kubwa ni kijiti kile kile huwezi kuzitofautisha.

fundi_wa_mtaa
Usiandike kwa mkono, kopi na kupesti. Anza na iliyokuja mwisho, maana kwa kawaida mtu huacha kubonyeza akishaipata anayoichukua.

mwenye_stesheneri
IMEINGIA wakuu. Ya pili kutoka juu. Nimeshabadilisha na namba ya kurejeshea hapo hapo.

dada_wa_kodi
Hongera kaka. Ila beta ni beta, ukikubali kujaribu umekubali na matatizo yake. Mimi vya majaribio naviwekea akaunti zisizo na maana.

mwenye_stesheneri
Dada yangu hilo la akaunti nakubali, kosa langu. Lakini rangi kuharibika ni kitu kimoja, kuambiwa imehifadhiwa wakati haijahifadhiwa ni kingine kabisa, maana hapo mtu anaacha kuangalia. Bora ingeniletea maandishi mekundu ningejua la kufanya.

natengeneza_apu
Niunge mkono mleta mada, hili nalijua kutoka kazini. Mara nyingi skrini inaandikwa ionyeshe tiki papo hapo mtumiaji asisubiri, ombi lenyewe bado liko njiani kwenda seva, yaani kompyuta za wenye apu. Mtandao ukikatika hapo katikati kopi ya zamani inarudi toka seva inakaa juu ya mpya, na tiki ulishaiona. Tiki ingetakiwa ingoje jibu.

Kwa sasa geuza utaratibu: hifadhi kwanza kwenye apu, ifunge kabisa, ifungue uone kama imo, ndio uende kwenye tovuti.

Ukitaka kutoka kwenye beta, ingia Play Store kwenye ukurasa wa apu, shuka chini kuna sehemu ya kuondoka, kisha unaifuta na kuweka toleo la kawaida. Kabla ya kufuta toa nakala ya nywila zote. Angalizo, nakala hiyo ikitoka kama faili la CSV, yaani orodha ya maandishi matupu, haina ulinzi wowote, yeyote atakayelifungua anasoma kila kitu, kwa hiyo usijitumie WhatsApp, na ukimaliza lifute.

Na tafadhali waripotie. Weka toleo la apu, aina ya simu na hatua ulizopitia. Skrinishoti inaweza kukataa, apu nyingi za nywila zinazizuia, piga picha kwa simu nyingine ukitumia akaunti ya uongo.

mwenye_stesheneri
Nawaandikia usiku huu huu. Simu ya mke wangu ndio itapiga picha.