Gumzo la Ukoo: Safari ya Eswatini na Tarehe Isiyojulikana

Baba Mkubwa: Asalaam aleikum nyote, na shikamoo Baba. Nimepewa likizo ya Desemba na ninakusudia kwenda Eswatini kuishuhudia Incwala, ile sherehe ya kifalme ya mazao mapya. Mdogo wangu, nitajie tarehe kamili nikate tiketi, maana bei hazingoji mtu.

Shangazi (Manzini): Waaleikum salaam, kaka. Shikamoo Baba. Tarehe sina, na hata majirani zangu waliozaliwa hapa hawana mpaka itangazwe. Incwala Ndogo hufanyika mwezi unapoandama, na Incwala Kubwa huanza mwezi ukiwa mpevu, karibu na ile siku ya Desemba ambayo mchana wa huku kusini ni mrefu kuliko zote. Ndiyo maana mwaka mmoja huwa kabla ya Krismasi na mwingine huingia Januari.

Babu: Marahaba, wanangu. Sisi wenyewe tunafunga na kufungua kwa mwezi, na bado kila mwaka mtu hunigongea mlango usiku kuuliza kama Idi ni kesho.

Mwanaisha: Shikamooni. Shangazi, mgeni anaruhusiwa kupiga picha?

Shangazi (Manzini): Marahaba, mwanangu. Kamera iache nyumbani, kwani Incwala ni ibada, na nyimbo zake haziimbwi nje ya msimu. Siku ya nne, ambayo ndiyo sikukuu ya taifa, mfalme huonja mazao mapya ya mwaka. Mimi hunivutia zaidi safari ya vijana wa kiume ambao hawajaoa, wanaotembea mwendo mrefu kwenda kukata matawi ya lusekwane, mti ambao kwetu unaitwa mkingiri, na kuyapeleka kwenye zizi la kifalme. Huaminiwa kwamba tawi la kijana aliyempa msichana mimba au aliyetembea na mke wa mtu hunyauka. Kijana wa jirani yangu alirudi viatu mkononi, vidole vimejaa malengelenge, na mama yake hakuuliza habari za miguu. Aliuliza habari za tawi.

Babu: Mama huyo ningempenda.

Baba Mkubwa: Sasa ni sikukuu gani ya huko isiyohamahama?

Shangazi (Manzini): Zipo. Tarehe 19 Aprili ni kuzaliwa kwa Mfalme Mswati III, na siku hiyohiyo mwaka 2018 ndipo alipotangaza kwamba Swaziland itaitwa Eswatini. Tarehe 25 Aprili ni ya bendera, 22 Julai ni kuzaliwa kwa baba yake, Sobhuza II, na 6 Septemba ni uhuru wa mwaka 1968, unaoitwa Siku ya Somhlolo. Kama likizo yako inahamishika, njoo mwishoni mwa Agosti uione Umhlanga, ambapo maelfu kwa maelfu ya wasichana hukata matete na kuyapeleka Ludzidzini kukarabati ua wa Indlovukazi, yaani mama wa mfalme.

Baba Mkubwa: Nimekwisha kumwandikia mkuu wangu wa kazi kuomba Agosti na Septemba. Umhlanga ni tarehe ngapi?

Shangazi (Manzini): Kaka, hiyo nayo hutangazwa.

Babu: Kateni tiketi ya kukaa mpaka tarehe 6 Septemba ipite, na mimi mnihesabu.