Nimefika Tiger ila nakufa dakika ya kwanza, tatizo ni mtandao au ni mimi?

Kifaru_Mbovu (mleta mada)

Wakuu habari za Jumapili. Mi mdau wa World of Tanks Blitz kwenye simu, najua humu wengi ni watu wa mpira na yale magemu ya kukimbizana na bunduki ila wa vifaru lazima mpo, kitaa kwetu huku Tabata tulikuwa watatu mmoja kaoa kaacha.

Iko hivi. Nimepanda mstari wa Wajerumani miezi mitano, kila siku usiku baada ya kazi, mpaka Ijumaa hii nikafungua kifaru cha Tiger I, daraja la 7. Hiyo kitu nilikuwa naiota, nikiwa bado na ile VK 36.01 H, kifaru cha kabla yake, nilikuwa naingia gereji naiangalia tu naondoka kama mtu anayezunguka Kariakoo mfukoni ana nauli. Sasa nimeipata na imekuwa aibu, mechi 31 nimeshinda 9. Mechi yenyewe ni 7 kwa 7, dakika 7 tu, ila mimi dakika ya kwanza haijaisha nimeshalipuka natazama wenzangu wanavyocheza. Mi nilijua lile chuma la mbele la milimita 100 litanibeba. Wapi! Wanapita nalo kama karatasi, ila mimi nikiwapiga wao risasi inateleza, tena na ile sauti ya dharau ya "tiiing".

Pingi yangu, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi kwa milisekunde, ni 190 mpaka 210, jioni watu wakirudi makwao inagonga 300. Natumia bando la simu, mtandao siutaji. Kuna jirani ana fiba ananiambia tuchangie, sasa kabla sijatoa hela ya watu naomba kuuliza, hapa tatizo ni mtandao au ni mimi? Wa kutukana pia karibuni ila tusi liwe na ushauri ndani.

---

Shangazi_wa_Kimara

Ni wewe. Narudi baadaye nimeacha maharage jikoni.

---

Mtu_wa_Nyaya

Hahaha shangazi hana salamu.

Mkuu mi naongelea upande wa mtandao maana ndo kazi inayonilisha. Akaunti yako bila shaka ni ya Ulaya kama wengi wetu huku. Sasa chukulia kutoka Dar mpaka huko ziliko seva ni kama kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, mwanga ndani ya fiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwenda na kurudi hapo tayari ni milisekunde 70 na hatujaongeza kitu. Na waya haunyooki, unazunguka baharini, unapita kwenye mitambo mingi njiani. Kwa hiyo hata wakikuwekea fiba mpaka kitandani pingi ya 30 utaisikia kwa Wazungu tu. Ila fiba itakutoa hiyo 300 ya jioni, na kikubwa zaidi itatulia. Pingi ya 180 iliyotulia unaizoea, unajifunza kumpiga mtu mbele kidogo ya anakoelekea. Inayoruka 190, 300, 220 hiyo huizoei mpaka uzeeke.

Na usisahau tunategemea nyaya za baharini za kuhesabu. SEACOM ilitua hapa 2009, EASSy ikafuata 2010, na mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilipopata hitilafu kule Afrika Kusini nchi nzima ikarudi kutumiana meseji za kawaida. Siku ile hakuna aliyeuliza pingi.

Kuhusu bando, mechi zenyewe hazili sana. Kinachokula ni apdeti, zile vuta usiku wa manane kwa bando la usiku.

Ila mkuu 9 kwa 31 hiyo siyo pingi. Samahani.

---

Chai_ya_SaaNne

Mleta mada jibu swali moja tu. Ukikutana na adui unasimamaje?

---

Kifaru_Mbovu

Namkabili mkuu, namuangalia usoni kabisa. Si ndo chuma kinene kiko mbele?

---

Chai_ya_SaaNne

Nilijua. Kaa kitako nikueleze na jina langu humu limetoka wapi.

Tiger ni kifaru cha enzi zile, chuma chake cha mbele kina milimita 100 kweli ila kimesimama karibu wima kama ukuta wa choo. Angalia T-34 ya Mrusi, mbele ana milimita 45 tu, nusu yako haifiki, ila kakilaza kile chuma digrii 60 kutoka wima. Risasi ikija mlalo inalazimika kupita chuma kwa mshazari, inakuwa kama inatoboa milimita 90. Ni kama kukata muhogo, ukikata wima kipande kinakuwa kifupi, ukikata mshazari kinakuwa kirefu, muhogo ni uleule. Tena risasi ikija mshazari sana, ikapita digrii 70, kwenye gemu inateleza moja kwa moja, labda iwe nene mara tatu kuliko chuma chenyewe. Hiyo "tiiing" unayoisikia wenzako wanaitengeneza, haiwaangukii.

Wewe chuma chako hakijalazwa kiwandani, kwa hiyo ukilaze mwenyewe kwa kugeuza kifaru kizima.

Na hii hawakuianzisha wachezaji. Mwaka 1943 wanajeshi wa Kijerumani wa Tiger walipewa kijitabu cha mafunzo, humo waliambiwa wamweke adui kwenye saa za kula. Chora uso wa saa, weka kifaru chako katikati, pua inaangalia 12. Adui awe kwenye 10 na nusu au 1 na nusu. Sasa wao waliita hizo kifungua kinywa na chakula cha mchana, ila sisi wabongo ndo imetukaa vizuri kuliko wao wenyewe maana mshale ukiwa kwenye 10 na nusu huku kwetu ni saa nne na nusu, watu wako kwenye chai na chapati, na 1 na nusu ni saa saba na nusu, wali maharage. Ukiona adui jiulize, huyu ni wa chai au wa wali? Ukijikuta yuko saa sita kamili unamwangalia usoni, huo ni muda wa kufa.

Mi hii ilinitoa kwenye kushinda mechi 4 kati ya 10.

---

Shangazi_wa_Kimara

Maharage yameiva nimerudi.

Mdogo wangu wa Chai umeeleza vizuri ila utamuua mtoto wa watu. Saa nne na nusu kamili ni digrii 45. Ukigeuka 45 mbele panakuwa kama milimita 141, sawa, ila umeshafungua ubavu na ubavu wa Tiger ni 80, kwa pembe hiyo unakuwa 113. Adui mwenye akili ataacha pua atapiga ubavu. Mi nilipiga hesabu kwa kikokotoo cha simu nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, mbele na ubavu vinalingana ukigeuka kama digrii 39, pote panakuwa 128 hivi. Kwa hiyo chai inywewe kama robo saa baadaye, saa nne na dakika arobaini na kitu.

Halafu kuna kitu hamjamuuliza. Wewe Mbovu, unatumia ule msaada wa simu kukulengea?

---

Kifaru_Mbovu

Ndio dada, kidole changu kinene bila huo sipati hata nyumba.

---

Shangazi_wa_Kimara

Basi nusu ya "tiiing" zako zinatoka hapo. Ule msaada unalenga katikati ya kifaru cha mwenzio, haujui pembamba ni wapi. Ingia kwenye darubini, utaona chuma chake kinapakwa rangi, pekundu sana usipoteze risasi, tafuta palipopauka. Vifaru vingi tundu ni tumbo la chini mbele au kile kichungu cha juu kabisa anachotolea kichwa kamanda. Utakuwa mchelewaji wiki nzima na watakutukana kwenye chati kwa lugha usizozijua. Vumilia. Mi nilitukanwa Kipolandi karibu mwezi.

Na acha kutangulia. Tiger ina mzinga wa milimita 88 unaopiga mbali na kwa usahihi, kaa nyuma ya mwamba, toa kona tu ya kifaru, piga, rudi. Watu wanaiona jina Tiger wanakimbilia katikati ya uwanja kama daladala imeona abiria.

---

Bushiri_wa_Temeke

Naongezea kisa, hakina uhusiano sana. Mzee wetu alikuwa Kagera 78 mpaka 79. Huwa haongei habari za kule kabisa, hata ukimuuliza anabadilisha mada. Siku moja nacheza hii kitu sebuleni, anatazama taarifa ya habari, mara naona kageuka anaangalia simu yangu, akasema "mwambie ageuze, amekaa ubavu". Nikageuza. Akarudi kwenye taarifa ya habari. Sijawahi kumuuliza alijulia wapi na yeye hajawahi kurudi tena kwenye hiyo habari.

---

Mtu_wa_Nyaya

@Bushiri hiki ndo kimenifanya nisome uzi wote mpaka huku chini.

---

Kifaru_Mbovu

Wakuu mrejesho, leo ni Jumatano.

Fiba bado sijachangia. Nimezima ule msaada wa kulenga, mechi 22, nimeshinda 10. Nimechora saa kwenye karatasi nimeibandika ukutani, mama watoto kaniuliza ni ratiba ya dawa au nini. Jana kwa mara ya kwanza kuna jamaa ana KV-1S ya Mrusi kanipiga tatu mfululizo zote zikateleza, nilisimama kwenye kochi. Ya nne ikanipata ubavuni kwa sababu nilisahau saa nikawa nashangilia.

Kinachonisumbua sasa ni wakija wawili. Nikimweka mmoja kwenye chai, mwingine yuko kwenye futari huku nyuma ananimalizia. Hapo mnafanyaje?

---

Shangazi_wa_Kimara

Hapo hamna pembe, hapo unatafuta ukuta au unatafuta ndugu. Kesho saa tatu usiku nikishalaza watoto niko hewani, nitumie jina lako la kwenye gemu tuunde kikosi cha wawili. Mi nina T-34-85 nakukingia huo upande wa futari, ila ukinipita ukakimbilia katikati ya uwanja nakuacha huko huko.

---

Kifaru_Mbovu

Nimekutumia pm dada. Umeme ukiwepo.