Mtoano wa nyimbo za Joy Division: Atmosphere na Dead Souls zimetoka 3-3, tunaamuaje?

UkunguWaUporoto

Wakuu mwagonile. Wale wa Iringa na Njombe, kamwene.

Tupo watu saba kwenye kagrupu ketu ka WhatsApp, na hao ndo wapenzi wote wa Joy Division, ile bendi ya Manchester, ninaowajua kuanzia Ruaha Mbuyuni mpaka Tunduma, kama kuna wa nane ajitokeze hatung'ati. Juni hii baridi imetubana ndani tukasema tufanye mtoano, nyimbo 16, kila mtu kura moja, ukifungwa unaaga. Droo nimeendesha mwenyewe, vikaratasi kwenye kofia ya sufi, anayechomoa ni mwanangu wa miaka sita hajui hata kusoma vizuri, so msije na habari za kupanga matokeo.

Sasa mechi ya nne dogo kachomoa Atmosphere, karudisha mkono kachomoa Dead Souls. Nikacheka peke yangu. Kwa asiyejua, hizo mbili zilitoka pamoja kwenye santuri moja, Machi 1980, kule Ufaransa, nakala 1,578 tu, upande mmoja Atmosphere ukigeuza Dead Souls. Yaani ni kama Prisons na Mbeya City wapangwe raundi ya kwanza, wote uwanja wa Sokoine ni kwao, na lazima mmoja aage mashindano akiwa nyumbani.

Kura zikawa tatu tatu. Wa saba ni dereva wa lori, tangu Alhamisi hapatikani. Swali la kwanza, tumsubiri au kuna namna ya matuta kwenye nyimbo? Swali la pili, kuna watu wanataka Love Will Tear Us Apart iondolewe kabisa wanasema inapita kwa jina. Imeichapa Komakino 6-0 na mimi nina wasiwasi kuna waliopiga kura hiyo mechi na Komakino hawajaisikiliza hata mara moja, najua ni nani na nani.

Besi_Juu

Mkuu matuta ya nini, subirini dereva. Mpira unasimama kwa mvua ndo ushindwe kusimama kwa dereva?

Mimi nina kesi nyingine. Transmission kutolewa na She's Lost Control 4-2 ni uonevu. Transmission inaanza na besi tupu, Peter Hook anapiga kule juu kabisa kwenye nyuzi nyembamba, na alianza kupiga hivyo kwa shida tu, spika yake ilikuwa mbovu na gitaa la Bernard Sumner lina kelele, akipiga chini hajisikii, akapanda juu ili ajisikie. Ian Curtis, muimbaji wao, akapenda, ikawa ndo sauti ya bendi. Umaskini wa vifaa huo, sisi wa kwaya tunaujua vizuri sana. Halafu wimbo kama huo unatolewa na wimbo wenye mlio wa kopo la dawa ya kupulizia! Maana ule mlio wa tss tss ndo hivyo, mtayarishaji wao Martin Hannett alimuweka mpiga dramu kwenye kichumba apulize kopo kwa mapigo. Nne kwa mbili. Kwa kopo.

Mtumba_Grade_A

Hahaha kwa kopo. Mi sina la kusema kuhusu Transmission, nilipiga kura ya kopo.

Ila ngoja niseme nilivyoingia maana naona mnaongea kama mmezaliwa Manchester. 2016 nafungua belo la fulana pale Mwanjelwa, natoa moja nyeusi ina mistari myeupe kifuani imepanda na kushuka, haina jina haina nini. Nikajua ni milima. Nikasema hii ni Uporoto kabisa ukiiangalia kutokea Uyole asubuhi, nikaigoma kuuza nikavaa mwenyewe. Miaka miwili navaa milima. Kuja kuambiwa ni mawimbi ya nyota, nyota inayozunguka na kutuma redio kwa mapigo sawasawa, wa kwanza kuiona ni binti mwanafunzi Jocelyn Bell mwaka 1967, na mchoro wa mawimbi ya nyota hiyo ndo wakauweka kwenye gamba la albamu yao Unknown Pleasures 1979. Siku hiyo ndo nikaitafuta ngoma ya kwanza, Disorder, na sijarudi tena. Sasa hivi hiyo fulana inakuja kila belo, buku tatu unaipata, wanaovaa bado wanajua ni milima na mimi siwaambii.

Kuhusu Love Will Tear Us Apart, itolewe. Hata mke wangu anaijua.

Baba_Kilolo

Sasa nyie watu wazima na baridi hii mnashindanisha wazungu wanaolia? Nyimbo za kwetu zimeisha?

UkunguWaUporoto

Hazijaisha mkuu, Julai tunashindanisha za Marijani Rajab, karibu ulete kura. Ila uje umesikiliza.

DadaWaMakete

Kaka Mtumba, wimbo kujulikana na mkeo siyo kosa la wimbo. Ilitoka Juni 1980, yeye Ian alifariki Mei 18 akiwa na miaka 23, kesho yake walikuwa wasafiri kwenda Marekani. Kwaiyo hakuwahi kuona inafika namba 13 Uingereza, hakuwahi kupata hata huo umaarufu mnaomuadhibu nao. Na sikilizeni vizuri, ile sauti inayobeba wimbo ni kinanda, Sumner kaacha gitaa kaenda kwenye kinanda, na wakipiga jukwaani gitaa anashika Ian mwenyewe ambaye hakuwa mpigaji wa maana. Ibaki. Ikifungwa ifungwe uwanjani.

Sasa kaka Besi, hilo la kopo. Sikutaka kuandika ila umelirudia mara tatu.

Ian kabla hajaacha kazi alikuwa ofisi ya ajira, anasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi. Kuna binti alikuwa anakuja pale ana kifafa. Ikafika kipindi haji, yeye akadhani amepata kazi, kuja kusikia binti amekufa. Huo ndo wimbo. Na baadaye kidogo, mwanzoni mwa 1979, na yeye akaambiwa ana kifafa.

Mdogo wangu wa mwisho anacho. Huku kwetu mnajua Juni Julai asubuhi unakuta barafu kwenye majani, watu wote mnakaa jikoni kuota moto, na mwenye kifafa na moto havikai pamoja. Alianguka kidato cha pili, likizo, mkono wa kushoto ukaingia kwenye majivu ya moto. Nilimvuta kwa koti. Jirani aliyekuwa amekaa naye gogo moja akasimama akarudi ukutani, anasema usimguse povu linaambukiza, mtu mzima kabisa, tunasali naye. Mimi nimeshika kichwa chake kisipige jiwe na nahesabu, mia na kumi, mia na kumi na moja, kwa sababu nesi alituambia ikizidi dakika tano tumkimbize. Basi hiyo dramu ya Stephen Morris ndo ile hesabu. Haiongezi haipunguzi, haina huruma, mtu anaanguka yenyewe inaendelea tu, tss, tss. Transmission inakuchezesha nakubali. Hii mimi nilikuwa ndani yake.

Anakunywa dawa, miezi minane sasa hajaanguka. Shule aliyokuwepo walisema akae nyumbani kwanza "asitishe wenzake", tukamhamisha, anaendelea vizuri, hesabu anaongoza.

Besi_Juu

Dada pole sana. Kopo nimelifuta, sitalitaja tena. Mpe salamu dogo.

(Transmission bado imeonewa lakini.)

DadaWaMakete

Haya 😂 ndaga fijo.

Gia_ya_Kwanza

Mnanitafuta kumbe. Wakuu nipo foleni ya Tunduma siku ya tatu, simu ilikuwa inadaka mtandao wa Zambia nikaizima isininyonye salio, leo ndo nimepata laini ya kijana wa mgahawa hapa nikakuta meseji 140, nikajua kuna msiba. Kumbe Atmosphere na Dead Souls.

Atmosphere ni nzuri kuliko. Naanza na hilo msije mkasema sina masikio. Lakini mimi Atmosphere siipigi nikiwa barabarani, zile kengele na anavyoimba taratibu nikiisikia nakumbuka ajali nilizoziona Mlima Iwambi, na nimeziona zaidi ya mara moja. Naipiga nimepaki, nimelala. Usiku wa juzi niliipiga hapa foleni, dereva wa gari la mbele akaja kugonga dirisha akaniuliza nimefiwa.

Dead Souls ndo ngoma yangu ya kupanda mlima Kitonga. Una tani 28 mgongoni, unaingia Kitonga gia ya kwanza, gari inalia, mabasi yamekukalia nyuma, huwezi kufanya lolote zaidi ya kukaza usukani. Unaiwasha pale chini. Inakwenda gitaa na dramu zinajizungusha dakika mbili na zaidi bila mtu kuimba, mpaka asiyeijua anadhani muimbaji hajafika kazini, na akija kuingia wewe upo ile kona yenye ukuta wa mwamba, jasho linakutoka na baridi yote. Mara ya kwanza nilipiga kelele peke yangu kwenye kabini. Utingo alikuwa amelala akashtuka akadhani breki zimekatika akafungua mlango.

Kwaiyo Dead Souls. Na Komakino nilishaisikiliza, hata mimi ningeifunga sita.

UkunguWaUporoto

4-3! Dead Souls ndani ya robo fainali, Love Will Tear Us Apart inabaki kwenye droo mpaka ikutane na mwenye ubavu. Dogo kaamka nimempa kofia achomoe sasa hivi.

Dead Souls na... She's Lost Control.

Besi_Juu

Huyo mtoto akaguliwe mikono.

Mtumba_Grade_A

Mkuu Gia kura yako ya robo fainali iache kabisa kabla hujavuka.

Gia_ya_Kwanza

Hiyo siwezi kujibu nimekaa. Halafu foleni imesogea, mwenye laini anaitaka.